Game Boy ya zamani: kabla hujatoa hela

Ndugu, umeuliza uchukue Game Boy ya 1989, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, au mdogo wake Game Boy Advance SP, ili uzirudie kaseti zako za gemu za utotoni. Chukua SP. Ile ya kwanza inapendeza kabatini, ila inakula betri nne na kioo chake hakina taa kabisa. SP inasoma kaseti za Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, inajikunja, na betri yake inachajiwa.

Ila SP nazo hazilingani. Ya mwanzo, yenye namba ya modeli AGS-001, ya 2003, humulika kioo kwa mbele na rangi zinapauka. AGS-101 huwaka kwa nyuma, na ndiyo ya kutafuta. Usiamini stika yenye namba hiyo, maana maganda hubadilishwa. Bonyeza kitufe kidogo cha taa karibu na bawaba: taa ikizimika kabisa, hiyo ni 001. Ya 101 hupunguza mwanga tu. Kagua pia nyufa kwenye bawaba, na usishangae kukosa tundu la hedifoni, ndivyo ilivyoundwa.

Kaseti sasa. Nyingi za zamani, gemu za Pokémon za Game Boy na Color zikiwemo, hutunza mchezo kwa kibetri kidogo kilicholehemiwa ndani. Kikifa, kila ulichohifadhi kinapotea, ingawa gemu lenyewe linacheza kama kawaida. Fundi wa simu mwenye mkono mzuri wa kulehemu atakibadilisha. Mwambie tu asiunguze kibao cha saketi, na ukubali kwamba unaanza upya.