Fiziotherapia mara moja kwa wiki, inatosha?

Dada, nimekuelewa: mwanao ana miaka 2, ana mtindio wa ubongo, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, na ile saa moja ya fiziotherapia kila wiki huoni ikizaa matunda. Wanaokuambia "ngoja, atakua tu" waache wangoje wao.

Saa moja peke yake haitoshi, kweli. Kazi kubwa iko nyumbani, na si lazima iitwe mazoezi. Ukimbeba, mweke kiunoni miguu ikiwa imetanuka. Ukimvisha, anza na mkono au mguu uliokakamaa zaidi. Ukimvua, malizia na huohuo. Akila, akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo. Usimlishe amelala chali. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia kuwa hutaki kutazama tu, unataka kufanya kwa mikono yako naye akusahihishe (wengine wana haraka, wasimamishe).

Usimnyooshe kwa nguvu. Akipaliwa mara kwa mara au kuugua kifua kila mara, mwone daktari na mtaalamu wa usemi, maana ndiye anayeshughulikia pia kumeza. Ulizia eksirei ya nyonga; huweza kuteguka polepole bila dalili. Degedege likizidi dakika 5, hospitali papo hapo.