Saa za kula au ukubwa wa sahani? Jibu kwa kaka mlinzi wa usiku

Kaka, umesema umeacha kula chochote baada ya saa kumi na mbili jioni ili upungue uzito, huu mwezi wa pili, na mkanda bado unafunga tundu lile lile. Juu ya hapo lindo la usiku linakutesa kwa njaa. Wengi waliotangulia kukujibu hapa wamekwambia uvumilie tu, muda ndio siri. Mimi naona uanze na sahani, na nina sababu.

Naishi Tanga, na jiko la nyumba yetu liko mikononi mwangu. Mume wangu alipoambiwa kliniki apunguze uzito kwa ajili ya presha, tulianza na saa kama wewe. Chakula cha usiku kikahamia kabla ya magharibi. Sasa mtu akijua kwamba hali tena mpaka asubuhi, anakula cha kumfikisha asubuhi: ugali umepanda, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi, na embe juu yake. Mizani haikusogea.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wa jambo hili kila mwaka. Ramadhani mtu hali kuanzia alfajiri hadi magharibi. Ingekuwa saa peke yake zinapunguza mwili, Idi ingetukuta wote tumekonda. Wapo wanaopungua kweli, na wapo wanaoongezeka, na ukitazama vizuri tofauti iko kwenye futari: muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati zimelowa shira, jagi la sharubati, kisha wali baada ya tarawehe, kisha daku. (Funga yenyewe ni ibada, haikuwekwa kwa ajili ya mizani. Nazungumzia chakula tu.)

Watafiti nao wamelipima. Guangzhou, China, walichukua watu 139 wenye unene wa kupindukia, wote wakapunguziwa chakula kwa kiwango kimoja, lakini kundi moja likala kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Baada ya miezi 12 waliobanwa saa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 8, wenzao kilo 6.3, na kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba saa zimeongeza kitu. Matokeo hayo yalitoka 2022. Mwaka huo huo, wa Aberdeen, Scotland, walilinganisha kula kingi asubuhi na kula kingi usiku, kalori zikiwa sawa. Uzito ulipungua sawa, ila waliokula kingi asubuhi walisikia njaa ndogo kuliko wenzao. Kwa hiyo muda una kazi yake: unasaidia kuituliza njaa ili kile kiasi kidogo kivumilike.

Nilichofanya mimi ni kuazima mizani ya jikoni kwa jirani anayeoka keki. Nikapima unga kabla ya kusonga. Ugali wa mume wangu peke yake ulikuwa unakula gramu 250 za unga, na gramu 100 za sembe zina kalori kama 360, yaani karibu 900 kabla ya mboga. Tukashuka hadi gramu 120 za unga, mchicha na maharage yakaongezeka. Mafuta nilikuwa namimina kwa macho kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na mchuzi wetu uliokuwa ukimeza vijiko vinane uliiva vizuri tu kwa vitatu, nyanya zikikaangwa taratibu na sufuria ikifunikwa.

Kigumu kilikuwa sinia. Ijumaa kwetu pilau huliwa pamoja, na kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, mkono unafuata mkono wa mwenzio na mama mkwe anakusogezea nyama upande wako. Sikumtoa mume wangu kwenye sinia, maana kumtenga mtu na sinia ni kumtenga na nduguze. Nilipunguza wali uliopakuliwa, nikajaza kachumbari, na yeye akaanza na bakuli la maharage kabla ya kukaa. Kilo zikaanza kushuka polepole, wiki nyingine hazishuki kabisa, lakini mashati ya zamani yamerudi kufunga vifungo.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usiruke mlo wowote kabla hujazungumza na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla na uko peke yako getini.

Kwako wewe usiku ndio mchana, hivyo kufunga mdomo saa kumi na mbili ni kujinyima chakula saa za kazi. Kula nyumbani kabla ya kuingia, sahani moja iliyopakuliwa, bila kuongeza. Beba hotipoti ndogo ya saa sita usiku, chakula chepesi chenye mayai au maharage, kwa sababu usiku mwili hauimudu sukari vizuri kama mchana. Halafu hesabu chai: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni kalori karibu 200, bado maandazi na soda. Andika hivyo vyote kwa wiki moja, na gramu za unga, ulete hapa tuviangalie.