Vijana wa kinuni, mpira wa maji uacheni nje

Juzi nimemkuta kijana wa zamu ya usiku, mchapakazi ninayempenda sana, anamwagia maji kwa mpira kitako cha eleveta ya sembe, yaani sehemu ya chini ya mashine inayopandisha unga juu. Jamani! Hili nimelisema mpaka sauti imekauka, sasa naliandika.

1. Sehemu kavu husafishwa kikavu. Bakteria wa salmonela, wale wanaoleta ugonjwa kupitia chakula, hawazaliani kwenye unga mkavu, lakini hawafi upesi. Hukaa humo miezi na miezi. Wakipata maji, wanaamka. Asubuhi tulikifungua kile kitako. Nje kinang'aa. Ndani, nyuma ya boliti na kwenye pembe za bati, uji mzito umeganda, unanuka uchachu, na pembeni umeshakuwa gamba lisilosikia brashi. Tulikwangua kwa skrepa mpaka adhuhuri, laini ya kusaga imesimama, malori yamejaa getini. Nia yake ilikuwa njema, alitaka watu wa ubora wakute pasafi. Ila mjue mwaka 2007 huko Georgia, Marekani, siagi ya karanga ya kiwanda cha ConAgra iliambukiza mamia ya watu salmonela, na kampuni yenyewe ikataja paa lililovuja na mfumo mbovu wa kunyunyizia maji ya kuzima moto. Maji kidogo tu, mahali pasipotakiwa.

2. Upepo wa kompresa hauondoi vumbi, unalihamishia juu ya nyaya na mihimili. Nyonyeni kwa vakyumu, kuanzia juu kwenda chini. Vumbi likitimka na cheche ikawepo, hulipuka: mwaka 2008 vumbi la sukari liliua watu 14 kiwandani Port Wentworth, Georgia.

3. Brashi ya sakafuni isiguse sifta, mashine ya kuchekechea unga. Rangi za brashi zimewekwa kwa sababu.

4. Alkoholi ya asilimia 70, ya kuua vijidudu, hupakwa mwisho, baada ya kukwangua na kunyonya, umeme umezimwa na mota imepoa. Juu ya unga haisaidii kitu.

5. Skru ya kusafirishia unga, ikiwa haifunguki, isafisheni kwa kupitisha unga safi, na unga huo msiurudishe kwenye laini. Kuna fundi mmoja aliurudisha kwa kuuonea huruma, ikabidi bechi nzima izuiwe.

Kipande kikilazimika kuoshwa, kifungueni, kipelekeni chumba cha kuoshea, kikaushwe mpaka ndani ya tundu za boliti. Pitisheni tishu nyeupe humo. Ikitoka na unyevu, hakirudi kwenye mashine, hata meneja akiwa amesimama mlangoni.