Maswali ya Wasomaji: “Wantu Wazuri” wa Chicago

Toleo hili tumeligawa kwa barua tatu zinazohusu jambo moja, yaani matangazo ya zamani ya televisheni ya vitu vya kujipamba na kujitunza. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na naamini inastahili.

Swali: Mhariri, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu matangazo ya zamani ya Marekani ya mafuta ya nywele yaitwayo Afro Sheen. Humo nikasikia maneno “wantu wazuri”. Nikamwambia arudie, akarudia mara tatu, nami nikasikia vilevile. Je, hicho ni Kiswahili kweli? Na kama ni Kiswahili, kilifikaje kwenye nywele za Wamarekani? — *Bibi wa Lushoto*

Jibu: Shikamoo Bibi. Sikio lako halijakosea. Ni Kiswahili, na maana waliyoikusudia ni hiyohiyo unayoijua wewe: walikuwa wakisema kwamba watu wazuri hutumia Afro Sheen. Hiyo *n* iliyoingia katikati ya neno huwashangaza wasomaji wengi, kwa kuwa Kiswahili cha leo husema *watu*. Lakini wewe unayeishi Usambaani, ambako *wantu* ni neno la kila siku nyumbani na sokoni, bila shaka ulilisikia kama neno la jirani yako.

Afro Sheen ilitengenezwa na kampuni ya Johnson Products ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1954 na George E. Johnson pamoja na mkewe Joan, Wamarekani Weusi wote wawili. Kazi ya kuitangaza ilikuwa mikononi mwa wakala wa matangazo wa Vince Cullers, naye Mmarekani Mweusi wa Chicago, aliyefungua ofisi yake mwaka 1956, wakati ambapo hapakuwa na kampuni nyingine kamili ya matangazo nchini humo iliyomilikiwa na mtu Mweusi. Ni vyema jambo hili lifahamike kabla ya mengine, kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba maneno yale ya Kiswahili yaliokotwa na mgeni aliyetaka kuwafurahisha wanunuzi asiowajua. Sivyo. Waliochagua maneno hayo walikuwa wakizungumza na ndugu zao.

Sasa, kwa nini Kiswahili? Wahenga wa Wamarekani Weusi wengi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wala si kutoka pwani yetu. Lakini katika miaka ya 1960, watu hao walipokuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika ya kujifunza na kujiita kwayo, walitaka lugha isiyokuwa mali ya kabila moja. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya mataifa kadhaa yaliyokuwa yamepata uhuru karibuni, na jina la Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilikuwa likitajwa kwa heshima katika mikutano yao. Mwaka 1966 Maulana Karenga wa California alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuzipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wazazi wakawapa watoto majina yetu. Kwa hiyo maneno “wantu wazuri” yalipotokea katika matangazo ya kampuni ya Johnson mwishoni mwa miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaliangukia kwenye udongo uliokwisha kulimwa.

Uzito wake hasa, kwa maoni yangu, umo katika neno la pili. Kwa miaka mingi tangu televisheni ianze kuingia majumbani Marekani, matangazo ya sabuni, ya dawa za meno, ya shampuu na ya rangi za nywele yalionyesha nyuso nyeupe karibu tupu, na mtoto Mweusi aliyeketi mbele ya kioo kile alijifunza, bila kuambiwa na mtu yeyote, kwamba uzuri ni wa wengine. Kisha likaja tangazo lenye kijana wa kiume na wa kike wenye nywele za afro zilizochanuliwa zikasimama kama taji, na sauti ikawaita wazuri, tena kwa lugha ya Afrika. Nakiri kwamba kila nikilitazama husisimkwa, ingawa najua vizuri kwamba lengo lake lilikuwa kuuza mafuta.

Si kila walichokiandika kilikuwa na ladha yetu. Katika matangazo ya magazetini waliweka “Kama mama, kama binti”, ambapo maneno yote manne ni ya Kiswahili lakini msemo wenyewe ni wa Kiingereza uliovishwa kanga. Na lipo tangazo moja la televisheni ambalo hadi leo sijaridhika nalo: kijana anataka kutoka nyumbani huku nywele zake hazijatengenezwa, na mzimu wa Frederick Douglass, yule aliyezaliwa mtumwa Maryland akawa mpiganaji mkubwa wa kukomesha utumwa, unamtokea na kumkemea kwa kutaka kuonekana duniani katika hali ile; kijana anapuliza Afro Sheen, anazitengeneza nywele, na mzee anaridhika. Wapo wanaolipenda kwa sababu lilimleta Douglass sebuleni kwa watoto ambao shuleni hawakufundishwa habari zake. Mimi naona kwamba jina la mtu aliyetoroka minyororo halikufaa kushika kazi ya kuuza kipulizo cha nywele.

Huenda ukauliza, Bibi, kwa nini sisi wenye lugha hatukuyaona matangazo hayo wakati ule. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, lakini matangazo ya nywele kutoka Chicago hayakuwa sehemu ya kazi yake. Zaidi ya hapo, hewa ya huku ilikuwa tofauti. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1, 1969. Katika miaka ileile, basi, lugha ya Ujamaa ilikuwa ikitumika Dar es Salaam kuwakataza vijana baadhi ya mapambo, na Chicago ikitumika kuwahimiza vijana wajipambe. Pande zote mbili zilidai kutetea utu wa Mwafrika, na ukizisikiliza kwa makini utaona kwamba zote mbili zilichukizwa na jambo moja, yaani Mwafrika kujibadilisha ili afanane na Mzungu.

Swali: Mimi ni msusi, nina saluni Mombasa. Mteja wangu mmoja anasema kampuni ya Afro Sheen ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiuza dawa ya kunyoosha nywele. Nilibisha. Nani mkweli? — *Msusi wa Kisauni*

Jibu: Dada yangu, mteja wako ndiye mkweli, na ukweli huo haupendezi wengi wanaoipenda historia ya afro. Kampuni ya Johnson haikuanza na afro hata kidogo. Bidhaa yake ya kwanza, Ultra Wave, ilikuwa dawa ya kunyoosha nywele za wanaume. Mwaka 1957 ikaja Ultra Sheen kwa wanawake. Johnson mwenyewe amesimulia kwamba alipoomba mkopo wa kuanzisha biashara alikataliwa, akaenda tawi jingine la wakopeshaji haohao na kusema anataka kumpeleka mkewe likizo, akapewa dola 250. Afro Sheen ilizaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye, vijana walipoacha dawa na chanuo la moto na kuzifuga nywele zao kama zilivyoota.

Kuanzia hapo kampuni ikauza vyote viwili kwa pamoja. Mwaka 1971 ikawa kampuni ya kwanza inayomilikiwa na Weusi kuingia katika soko la hisa la American Stock Exchange, na mwezi Oktoba mwaka uleule ikawa mdhamini wa Soul Train, kipindi cha muziki na dansi ambacho Don Cornelius alikianzisha katika kituo kimoja cha Chicago mwaka 1970 na ambacho sasa kilikuwa kinakwenda katika miji mingine. Hapa sharti haki itendeke. Vituo vingi havikukitaka kipindi cha vijana Weusi, na bila fedha za mafuta ya nywele pengine kisingevuka mipaka ya Chicago. Watazamaji hawakuyakimbia matangazo yake. Wengi wanayakumbuka kama sehemu ya kipindi chenyewe.

Wewe msusi utaijua vyema sehemu inayofuata. Dawa za wakati ule zilitegemea kostiki soda, ambayo huvunja viungo vinavyoupa unywele umbo lake la kujikunja, lakini haichagui kati ya unywele na ngozi ya kichwa. Ikikawia au ikigusa kidonda, inaunguza. Matangazo yalionyesha nywele zinazoteleza na mwanamke anayetabasamu, bila kutaja hatari hiyo. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliifanya Johnson Products itie saini makubaliano ya kuweka onyo kuhusu kostiki soda kwenye dawa yake. Onyo lilikuwa la haki kabisa, na lingepaswa kuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa dhuluma ni kwamba Revlon, kampuni kubwa zaidi iliyouza dawa ya namna hiyohiyo, haikutakiwa kuweka onyo kama hilo hadi karibu miaka miwili baadaye, na katika muda huo mnunuzi aliyesoma makopo mawili dukani alidhani kwamba la Johnson ndilo la hatari na lile jingine ni salama. Waliojengwa na matangazo wakaumizwa na onyo, na kichwa cha mteja hakikupata faida yoyote kwa kuhamia kopo lisilo na onyo.

Swali: Rafiki yangu anasema zamani kulikuwa na tangazo la povu la kunyolea ambalo lilipakwa kwenye msasa, kisha wembe ukapita mara moja na msasa ukawa laini. Je, inawezekana? — *Kijana wa Kigoma*

Jibu: Tangazo lilikuwapo. Msasa haukuwapo.

Ilikuwa mwaka 1959, na bidhaa ni Rapid Shave ya Colgate-Palmolive. Wakala wake, Ted Bates wa New York, alitengeneza matangazo matatu ya dakika moja moja ili kuonyesha kwamba povu hilo hulainisha hata kitu kigumu na kikavu kama msasa, licha ya ndevu. Mtangazaji anasema, povu linapakwa, na papo hapo wembe unapita na kuacha njia safi. (Wazee wetu waliosugulia mbao kwa majani ya mti wa msasa, kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina hilo, wangeliuliza swali lako hilohilo.) Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba kilichonyolewa ni kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga, na kwamba msasa halisi wa aina ile ulihitaji kulowekwa kwa takriban dakika 80 kabla ya wembe kuweza kuukwangua.

Kampuni ilijitetea kwa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Msasa halisi, walisema, ukipigwa picha kwa kamera za siku zile huonekana kama karatasi tupu ya rangi, chembe zake hazionekani; kwa hiyo kitu cha kuigiza kilihitajika ili mtazamaji aone kile ambacho jicho lingeona. Tume ile niliyoitaja katika jibu lililotangulia haikukubali, mahakama ya rufaa ikatengua amri ya Tume, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo iliamua mwezi Aprili 1965 kwamba Tume ilikuwa sahihi. Jaji Mkuu Earl Warren ndiye aliyeandika hukumu. Kosa, kwa mujibu wa hukumu hiyo, halikuwa kutumia kitu cha kuigiza. Mtu anayetangaza mgahawa anaweza kuweka viazi vilivyopondwa mahali pa aiskrimu ili isiyeyuke chini ya taa kali, maana hakuna anayeambiwa aangalie viazi hivyo kama ushahidi wa ubora wa aiskrimu. Kosa ni kumwambia mtazamaji kwamba anashuhudia jaribio kwa macho yake mwenyewe, ilhali jaribio hilo halikufanyika mbele yake.

Kwa hiyo mjibu rafiki yako kwamba inawezekana, lakini si kwa namna aliyoiona. Kama anataka kuhakikisha nyumbani, aupake msasa povu, aendelee kuuweka katika unyevu kwa saa moja na dakika ishirini, kisha ndipo achukue wembe.