Kizibo kikichomoka, itazame kwanza karatasi ya kuchanganyia

Mgonjwa anarudi baada ya miezi minne, kizibo kimechomoka kizima kama punje ya hindi, tundu li wazi. Lawama ya kwanza huangukia simenti: ya bei rahisi, imekaa sana stoo, ile ya zamani ilikuwa bora. Kabla ya kumpigia simu muuzaji, chukua kioo uitazame sakafu ya lile tundu. Simenti yetu, glasi ayonoma, ikiwa imeshika kweli, ikivunjika huvunjika ndani yake yenyewe na kuacha utando mweupe juu ya dentini, tabaka la jino lililo chini ya ganda la nje. Ukikuta sakafu tupu, haina utando hata kidogo, kizibo hakikuwahi kushika. Kilikaa tu, kama kokoto ndani ya kiatu. Kikivunjika katikati, nusu ikabaki, kilishika vizuri ila kilikuwa chembamba au kilikuwa juu mno wakati wa kung'ata. Na ukikuta dentini laini ya kahawia chini ya ukingo wa enameli, yaani lile ganda gumu la nje, uozo uliachwa pale siku ileile ya kuziba.

Aina ya kwanza, ile ya sakafu tupu, ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu ingeweza kuzuiwa ndani ya dakika tatu. Chanzo chake mara nyingi ni maji: yamezidi kwenye mchanganyiko, au yamezidi kwenye jino.

Simenti hii ilibuniwa London mwishoni mwa miaka ya 1960 na Alan Wilson na Brian Kent. Kuna unga wa kioo chenye floridi, na kuna asidi ya poliakriliki. Asidi huumega unga, kalsiamu na aluminiamu zikatoka, zikafunga minyororo ya asidi hadi donge likawa gumu. Asidi ileile hukamata kalsiamu ya jino, na hapo ndipo kushika kwenyewe kunapotokea. Haihitaji taa wala mashine. Ndiyo maana iliingia vizuri katika njia ya kuziba kwa zana za mkono tu, ile tunayoiita ART, ambayo mizizi yake iko Tanzania: ilianza katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Dar es Salaam walipokuwa wakitafuta namna ya kutibu meno pasipo umeme. Leo si matibabu ya maskini tena. Shirika la Afya Duniani liliiweka glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuachana na amalgamu, vizibo vyenye zebaki, kwa watoto chini ya miaka 15 na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa tabibu akiona hapana budi. Kwa hiyo mkono wako utaishika chupa hii mara nyingi zaidi, siyo pungufu.

Kwanza soma lebo. Katika kabati moja hukaa glasi ayonoma ya kubandikia kofia za meno na glasi ayonoma nzito ya kuzibia, na chupa zake hufanana kama mapacha. Ya kubandikia huchanganywa nyepesi, karibu gramu 1.8 za unga kwa gramu 1 ya maji yake, yaani kimiminika cha chupa ya pili, ili itambae chini ya kofia. Nzito ya kuzibia huenda hadi gramu 3.6 kwa gramu 1. Ukizibia jino la kutafunia kwa ile ya kubandikia, hata ukiongeza unga kwa kukisia, kizibo kitalika upesi. Na vijiko vya kupimia havibadilishani kati ya kampuni na kampuni. Kijiko kilichopotea kisirithi cha boksi jingine.

Sasa kipimo chenyewe. Gonga chupa ya unga kwenye kiganja ili unga ulegee, chota, kisha kata usawa wa kijiko kwenye ukingo wa plastiki uliomo mdomoni mwa chupa. Usiushindilie. Tone la maji ndilo linalodanganya watu wengi. Chupa ikiinamishwa moja kwa moja kutoka mezani, tone la kwanza hutoka na kipovu cha hewa, likawa dogo. Ilaze kwanza chupa ubavu, hewa ipande, ndipo uisimamishe wima kichwa chini na kuliacha tone lidondoke lenyewe bila kuminya kwa nguvu. Likiwa na kipovu, lipanguse, dondosha jingine. Kijiko kimoja, tone moja. Tone la pili la "kulainisha kidogo" ndilo linaloleta ile simenti inayovutika kama uji wa muhogo, tamu kuipaka, dhaifu kuitegemea.

Gawa unga mafungu mawili. La kwanza lichanganye na maji yote kwa sekunde 10, la pili kwa sekunde 15 hadi 20, ukisugua kwa spachula katika eneo dogo, bila kuitandaza karatasi nzima. Ikiwa tayari huwa kama bazoka iliyotafunwa, na uso wake unameremeta. Mmeremeto huo ndio saa yako. Maana yake bado kuna asidi huru ya kukamata jino. Ukififia, donge likawa na sura ya chaki, litupe hata kama linaonekana kuwa bado laini. Ukilishindilia tundu utajaza nafasi tu. Wengi huona uchungu kutupa simenti ya bei, halafu wanatumia mbili mgonjwa akirudi.

Muda wa kufanyia kazi ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, mara nyingi kama dakika 2, umepimwa kwenye joto la nyuzi 23. Chumba cha Tanga au Mombasa mwezi Februari hakijawahi kusikia habari ya nyuzi 23. Huko simenti huganda mapema, na jibu la watu ni kuongeza maji. Jibu sahihi ni kupoza. Chupa ya unga inaweza kukaa sehemu ya chini ya friji, ikatolewa muda mfupi kabla ya kazi ikiwa imefungwa. Maji yake usiyaweke humo, yatakuwa mazito na tone litabadilika. Ukitumia kibao cha kioo kilichopozwa, kiangalie kwa mwanga: pwani hewa ina unyevu mwingi, na kioo baridi hutoka jasho dakika hiyohiyo. Jasho lile ni maji uliyoyaongeza bila kupima. Lifute kwa shashi kavu, kioo kikiendelea kutoa jasho kiache kipate joto kidogo. Kapsuli zinazotikiswa na mashine huondoa tatizo la kipimo, lakini zinataka umeme na bei yake ni ya juu.

Lakini mchanganyiko mzuri hauokoi tundu bovu. Anza kwa kuuliza maumivu. Jino linalomwamsha mgonjwa usiku bila kuguswa, lenye usaha au kijipu kwenye ufizi, halizibwi kwa njia hii. Kiini, sehemu hai iliyo ndani ya jino, kimeshaharibika na kizibo kitafungia moto ndani. Lenye kuuma kidogo kwa baridi au sukari kisha likatulia, hilo linafaa.

Mdomo wa tundu mara nyingi ni mdogo kuliko uozo uliomo. Ingiza ncha ya patasi ya ART mdomoni mwa tundu, izungushe huku na huku, enameli isiyo na dentini chini yake itapukutika. Tundu likiruhusu kijiko cha kuchimbia cha milimita 1, anzia pembeni, chini ya enameli, siyo katikati. Kingo zinatakiwa ziwe ngumu kabisa, kijiko kikwaruze na sauti isikike, kwa sababu hapo ndipo simenti inapofunga mlango. Katikati, juu ya kiini, ni habari nyingine. Toa yaliyo laini na majimaji, lakini dentini inayotoka kwa shida kama ngozi ya kiatu iache. Rangi isikutishe. Kahawia ngumu ni dentini nzuri kuliko njano laini. Anayechimba mpaka kila kitu kiwe cheupe hukifikia kiini, na kazi ya kuziba inageuka kazi ya kung'oa.

Kisha safisha kwa asidi nyepesi ya poliakriliki, ya asilimia 10, kwa sekunde 10 hadi 20. Wenye chupa isiyo na kisafishio hutumia tone la maji ya simenti yenyewe kwenye kipande cha pamba kilicholoweshwa. Hilo linakubalika pale tu maji hayo yana asidi ya poliakriliki. Kuna simenti ambazo asidi yake imekaushwa ikawekwa ndani ya unga, na chupa ya pili haina asidi hiyo, lebo itakuambia. Osha kwa pamba yenye maji safi angalau mara mbili, halafu kausha kwa pamba kavu. Usipulize hewa mpaka dentini iwe kavu kama chaki. Inatakiwa ing'ae kwa unyevu wake wenyewe, bila dimbwi. Mate au damu vikiingia hapa, rudi nyuma: osha, paka asidi upya, kausha. Pamba za pembeni zibadilishwe kabla hazijajaa, na msaidizi asianze kuchanganya mpaka aone zimebadilishwa. Utaratibu huu ukigeuzwa, simenti inasubiri jino, mmeremeto unafifia, na tunarudi kwenye lile tundu lenye sakafu tupu.

Weka simenti kwa mafungu, ukiisukuma pembeni kwanza, chini ya enameli, kwa mgongo wa kijiko cha kuchimbia. Jaza izidi kidogo na ifunike vijibonde vya jirani. Paka vaselini kidogo kwenye kidole cha shahada chenye glavu, kandamiza juu ya jino kama nusu dakika, ukitoe kwa kukitelezesha pembeni. Ukikiinua wima utainua na kizibo. Ondoa mabaki, weka karatasi ya kung'atia, mgonjwa aume polepole. Alama nzito ya rangi juu ya kizibo ichongwe hadi ilingane na wenzake. Usiruke hatua hii kwa haraka, ndiko vinakotoka vile vizibo vilivyopasuka katikati. Paka tena vaselini au vanishi, maana simenti changa inaharibiwa na mate, na pia ikikaushwa hupata nyufa nyembamba. Saa 1 bila kula.

Tundu la upande mmoja ukilifanya hivi lina maisha mazuri. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotoka 2012, ulikuta kwamba kwenye meno ya ukubwani asilimia 80 hivi ya vizibo vya upande mmoja vilikuwa bado vinafanya kazi baada ya miaka 5. Kwa meno ya utotoni, upande mmoja, asilimia 93 baada ya miaka 2. Lakini tundu la meno ya utotoni linalokula upande wa kutafunia pamoja na ubavu unaogusana na jirani lilishuka hadi asilimia 62 kwa miaka 2 hiyohiyo. Tofauti hiyo haitibiki kwa juhudi peke yake. Pale ubavuni simenti haina ukuta, ufizi uko karibu, mate na damu vinapanda. Ukilazimika, weka ukanda wa chuma na kabari ya mti iliyobana sawasawa chini kabisa, vinginevyo simenti itamwagika kwenye ufizi na kuacha kingo ya kunasa chakula.

Kwa gego la utotoni la namna hiyo, ambalo halina usaha wala maumivu ya kiini, mimi ningechagua kofia ya chuma kwa njia ya Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland: hakuna ganzi, hakuna kuchonga. Unachagua kofia ndogo kuliko zote inayolifunika jino, unaijaza glasi ayonoma, safari hii ile nyepesi ya kubandikia, unaisukuma kwa kidole na mtoto anaing'ata. Meno yakibanana sana, raba za kutenganisha ziwekwe siku 3 hadi 5 kabla. Mtoto akae wima, na kofia ishikizwe kwa plasta wakati wa kujaribisha, isije ikateleza kooni. Mzazi aambiwe mapema kuwa mtoto atahisi jino limekuwa refu. Hujirekebisha ndani ya wiki chache. Asipoambiwa, atarudi kesho yake akitaka itolewe.

Kuhusu floridi inayotoka kwenye simenti, wauzaji huisifu kupita kiasi. Inatoka, tena nyingi siku za mwanzo, kisha hupungua. Haimwachii mgonjwa ruhusa ya kuacha mswaki na dawa yenye floridi. Na ile jeli ya floridi yenye asidi isipakwe juu ya vizibo hivi, hula uso wake.

Mgonjwa akirudi mwaka wa pili na kizibo kimelika tu, kingo ngumu, hakuna uozo, usikichimbe chote. Kisugue kwa pamba yenye maji, paka asidi, osha, kausha, ongeza tabaka jipya na ukandamize kwa kidole kama mwanzo. Simenti ya chini imeshashikana na dentini, na ukiichimbua utaondoka na jino pamoja nayo.