Maswali na majibu: Picha ya usiku ya mwenzako, isome kabla ya kuiga

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Kampala, napiga harusi na picha za pasipoti, ila usiku ndio unanishinda. Mwenzetu mmoja alituonyesha picha ya Jinja Road, nimekutumia uione, anga bluu imekolea, taa za magari zimekuwa mistari, taa za barabarani zina miale kama nyota. Wote tukasema "safi sana, moto", ikaishia hapo. Nikaenda na mimi saa tatu usiku na Canon yangu ya lenzi 18-55, nikatoka na anga nyeusi tii, taa zimekuwa madoa meupe na kila kitu kina rangi ya chungwa na chengachenga kama mchanga. Ninunue lenzi gani? Na yule wa picha za nyota kule Ziwa Bunyonyi anafanyaje?

JIBU: Usinunue kitu bado ssebo. Lenzi yako kwa hii ya mjini inatosha, ulichokosea ni saa. Anga ya mwenzako ni bluu, na anga ya bluu haipatikani saa tatu hata ubebe kamera ya bei ya gari. Hiyo picha imepigwa jua likiwa limezama dakika kumi na tano, ishirini hivi, muda ambao mwanga wa anga na mwanga wa balbu vinakaribia kulingana na kamera inaweza kushika vyote kwa pamoja. Giza likishaingia kabisa taa inabaki na ukali wake uleule lakini nyuma yake hakuna kitu, ukirefusha shata (muda kamera inaokaa wazi kupokea mwanga) upate majengo taa zinaungua, ukiifupisha kuokoa taa majengo yanapotea.

Na hapa kwetu muda huo ni mfupi mno. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima halizungukizunguki, kwa hiyo zile video za YouTube za mtu wa London zitakudanganya, yeye mwezi wa 6 ana dakika 45 na zaidi za mwanga wa jioni baada ya jua kuzama, wewe Kampala una kama 20 na kitu basi, giza. Jua letu linazama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi. Ukifika saa moja na robo ndio unaanza kubishana bei na wa boda umeshachelewa. Fika bado kweupe, simika tripodi, panga picha yako, halafu kaa usubiri.

Sasa tuisome picha yenyewe, na kwanza nimpe jamaa heshima yake, anajua. Mistari myekundu iko kushoto na myeupe iko kulia, sawasawa na sisi tunaoendesha kushoto (ukiona kinyume kwenye barabara yetu ya pande mbili, ujue mtu ameigeuza picha kwenye kompyuta). Mistari imepita mfululizo haijakatika, maana yake shata ilikaa wazi sekunde 10, labda 15, na magari yalikuwa yanatembea, na wewe unaijua jamu ya Jinja Road saa hiyo, asingesubiri taa za trafiki ziruhusu angepata madoa tu kama yako. Kuna mstari mmoja mwekundu umepita juu kuliko wenzake, hilo ni basi au lori. Vile vidoti vya njano pembeni ni indiketa, nahisi ni boda anakata kona. Miale ya taa nimeihesabu iko 14. Hiyo inatoka kwenye vile visu vinavyofunga tundu la lenzi, visu vikiwa namba shufwa miale inakuwa idadi ileile, vikiwa witiri inakuwa mara mbili, kwa hiyo hapo ni visu 7, na tundu limebanwa mpaka f/11 au zaidi (namba ya f ikipanda tundu linakuwa dogo) kwa sababu kwenye f/3.5 miale ya hivyo haitoki. Chengachenga hakuna kabisa, basi ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) ni ya chini, labda 100.

Unaona, hapo hatujampigia simu kumuuliza setingi hata moja. Ndio maana hizi "moto, safi sana" zinanichosha kidogo, mwenzako kakesha na tripodi halafu unamlipa emoji. Mwambie ile basi imepita pazuri, muulize kama aliisubiri au ilikuja yenyewe, atafurahi na wewe utatoka na kitu. Na kama kuna kasoro itaje kwa adabu. Mimi ningemwambia jengo la kulia limelalia nyuma kwa sababu kamera imeinuliwa juu, angeinyoosha iwe sawa halafu akate kile kipande cha chini cha lami tupu. Isipokuwa kama mvua imetoka kunyesha, hapo lami iache yote, inang'aa taa zote mara mbili, na miezi ya 3 mpaka 5 mvua utaipata tu.

Kwako wewe: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, f/11, anza na sekunde 5, kadiri giza linavyoongezeka panda 10, 15, mpaka 30. Fokasi kwenye taa ya mbali kisha hamishia MF (fokasi ya mkono) isihangaike tena, IS (kizuia mtikisiko cha lenzi) izime kwa sababu uko kwenye tripodi, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise, piga RAW (faili ghafi la kamera). Rangi ya chungwa inatoka kwenye zile taa za njano za barabarani, weka ile alama ya balbu kwenye white balance (mpangilio wa rangi ya mwanga), taa zitatulia na anga itazidi kuwa bluu. Fleshi ilale.

Kuna jambo moja watu wengi wanalikosa hapa. Ung'avu wa mistari hautokani na shata. Gari linapita kila sehemu ya picha mara moja, likishapita limepita, kwa hiyo kuongeza sekunde kunarefusha mistari na kung'arisha majengo tu, mistari yenyewe haizidi kuwa myeupe. Mistari ikiwaka mno bana tundu au shusha ISO, majengo yakiwa meusi ongeza sekunde. Ukilishika hilo utapiga barabara yoyote.

Tripodi usiisimike juu ya daraja magari yakiwa yanapita, linatikisika hata kama wewe husikii. Ukitaka mji kwa juu nenda Muyenga, ongea na askari wa geti vizuri kwanza kabla hujafungua begi. Nakasero upande wa makazi ya rais, na kambi yoyote ya jeshi au polisi, achana nako kabisa, kamera utaiaga.

Bunyonyi ni kazi nyingine. Kule unataka usiku usio na mwezi, mwezi wa 7 mpaka wa 8, saa tatu saa nne usiku, geukia kusini uangalie juu sana, lile wingu la nyota (Milky Way) ndilo hilo. Dunia inazunguka kwa hiyo sekunde zina kikomo: chukua 500 gawanya kwa milimita za lenzi, na Canon yako, kwa kuwa kihisi chake cha picha ni kidogo, zidisha lenzi kwa 1.6 kwanza, 18 inakuwa kama 29, unapata sekunde 17, mimi ningeweka 15 au hata 10 nyota zisivutike. ISO 3200. Ziwa liko juu ya mita 1,900, ni baridi na kioo kinashika umande, beba kitambaa. Hapa ndipo lenzi yako itakuangusha, f/3.5 inaingiza mwanga mdogo, kwa hiyo ile pesa uliyotaka kutumia iweke kwenye lenzi pana ya f/2.8 au chini yake, lakini baada ya kuimaliza Jinja Road.