Jibu: Kasi inayumba kwenye kona na gari "kupotea" chini ya miti

Mkuu, umesema kifaa chako cha kupima mwendo wa gari (antena ya GPS kwenye paa, na boksi la sensa, yaani vihisi mwendo, ndani ya gari) kwenye mnyooko kinapima sawa, ila kwenye kona kasi inayumba, na chini ya miti ya Usa River, karibu na Arusha, gari linapotea kwenye ramani.

La kona, anza na umbali wa sensa hadi antena ulioingiza kwenye programu. Pima upya kwa futi kamba: mbele, pembeni, juu, na hakiki alama za jumlisha na toa. Kosa la nusu mita, gari likigeuka nyuzi 30 kwa sekunde, linaleta takriban 0.9 km/saa ya uongo. Wengi hukosea hapo hapo.

Boksi la sensa lifunge kwa boliti kwenye sakafu ya chuma. Sponji hapana kabisa: mtikisiko wake unasomwa kama mwendo wa gari. Antena katikati ya paa, mbali na keria.

Miti: jiandae kabla ya kuifikia. Mahali penye anga wazi, simama dakika 2, endesha mnyooko zaidi ya 30 km/saa, kisha zungusha namba nane mara kadhaa. Antena moja haijui gari limeelekea wapi likiwa limesimama. Jairoskopu (kihisi cha mgeuko ndani ya boksi) isiporekebishwa hivyo kwanza, setilaiti zikizibwa kosa linakua kila sekunde.